1969: Boeing 747 au Concorde, ipi iliubeba mwaka?

Aisee 1969 ulikuwa mwaka mtamu kwa sisi wapenda ndege, tarehe 9 Februari Boeing 747 ikaruka mara ya kwanza huko Marekani, wiki tatu tu baadae, tarehe 2 Machi, Concorde nayo ikapaa kutoka Toulouse, Ufaransa.

Kwa spidi hakuna ubishi, Concorde ilikua inakimbia mara mbili ya kasi ya sauti, London mpaka New York masaa matatu na nusu hivi. Ila ilibeba watu kama 100 tu, mafuta ilikunywa balaa, na ule mshindo wake wa kupita kasi ya sauti ulifanya nchi kibao ziikataze kupita juu yao kwa kasi hiyo. Zikatengenezwa 20 tu, 2003 zikastaafu.

Sasa 747, mimi ndo chaguo langu. Ile nundu yake ya juu kwa mbele mnaijua? Wabunifu wake waliweka marubani juu ili pua iweze kufunguka kupakia mizigo, maana waliamini abiria wote watahamia ndege za spidi kama Concorde! Ikabeba watu zaidi ya 350, nauli za mbali zikashuka, zikatengenezwa 1,574, ya mwisho imekabidhiwa 2023.