Muvi za anga na maroboti: kabla hujalipa, angalia kingo za picha

Meseji ninazopata kuhusu muvi za kisayansi nyingi zinafanana, "dada mbona kopi niliyonunua ina mistari myeusi juu na chini, nimepigwa?" Hapana mpenzi, hujapigwa. Aliyepigwa ni yule aliyeuziwa kopi "inayojaa skrini" akaenda nayo nyumbani anafurahi.

Mimi niliuziwa hapa Ngamiani, Tanga, 2001: A Space Odyssey, ile ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, muuzaji akaniapia ni HD safi, na kweli ilikuwa ang'avu sana. Sasa kuna kipande wanaanga wawili wamejifungia wanapanga namna ya kuizima kompyuta, mmoja kushoto mmoja kulia, na katikati, kupitia dirishani, lile jicho jekundu la kompyuta hiyo linawatazama linawasoma midomo. Kipande chote kimejengwa kwenye upana ule, na kwenye kopi yangu vichwa vimekatwa visogoni. Narudi kudai naambiwa "sista, picha si inaonekana lakini?"

Kwa hiyo hapa sitaongelea spika wala ukubwa wa TV, hayo mnayajua. Shida ni kwamba TV zetu za siku hizi upana wake ni kama mara moja na robo tatu ya kimo, wakati muvi kama Alien ya 1979 au Blade Runner ya 1982 picha yake ni pana, inakaribia mara mbili na nusu ya kimo. Haiwezi kujaa TV bila kuharibiwa, ama inavutwa watu wanakuwa warefu kama minazi, ama inakatwa pembeni, na ikikatwa hivyo robo nzima ya picha imeenda. Robo! Umelipa hela kamili umepewa robo tatu.

Kipimo changu ni rahisi, tafuta sayari. Muvi hizi hazikosi sayari au mwezi, simamisha hapo uangalie, ikiwa kama yai imevutwa. Halafu angalia majina ya waigizaji mwanzoni, herufi zikigusa ukingo au zikikatwa, irudishe palepale dukani kabla hujatoka.

Sasa tupange wapi pa kupata kopi nzima. Namba moja kwangu, na sibadilishi, ni Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD) za kampuni ya Eureka ya Uingereza, zile za safu yao ya Masters of Cinema. Diski na deki zimegawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, zisipolingana deki inakataa; kwa Blu-ray Afrika tuko kanda B na diski za Uingereza kwa kawaida ni kanda B, kwa hiyo deki yako haitagoma kama inavyogomea nyingi za Marekani. Hawa ndo walitoa Metropolis ya Fritz Lang, muvi ya 1927 ambayo ilikatwakatwa mapema tu baada ya kuonyeshwa Berlin, watu wakaamini sehemu zile zimepotea, hadi 2008 ikapatikana kopi ndefu Buenos Aires, ya filamu ndogo ya milimita 16, imechakaa ina mikwaruzo, na kama dakika 25 zikarudi, toleo jipya likaonyeshwa 2010. Sasa angalieni uungwana wa waliorekebisha, kwenye vile vipande vya Buenos Aires ukingo wa picha ulikuwa umepotea, wao hawakuvuta picha kuziba pengo, wameacha weusi pale palipokosekana ujue hapa kuna kitu hakipo. Muvi ya karibu miaka mia inaheshimiwa hivyo, ya juzi inakatwa kibandani!

Namba mbili ni diski za 4K, za picha safi kuliko Blu-ray ya kawaida, hizi hazina mambo ya kanda, 2001 ipo na Blade Runner toleo la mwisho la 2007 ipo, ila deki yake ni ghali. Msishtuke na Interstellar ya 2014, kwenye Blu-ray mistari myeusi inakuja na kuondoka kwa sababu vipande vilivyopigwa kwa kamera kubwa za IMAX vina kimo kirefu zaidi, imetengenezwa hivyo, msiende kugombana na mtu.

Tatu Netflix na wenzake. Picha kwa kawaida iko sawa, ila usiipanue kwa vidole kwenye simu, hapo unaikata mwenyewe. Muvi za zamani ni chache na zilizopo ni kama Tanga yetu, waja leo waondoka leo, na bando nalo linakwisha katikati ya safari.

Nne DVD. Kanda za DVD si zile za Blu-ray, huku sisi ni kanda 5, na boksi likiandikwa Full Screen kimbia. Geuza diski pia, orijino chini kwa kawaida ni ya fedha, ikiwa na rangi ya zambarau imechomwa na mtu, hata karatasi ya juu ing'ae vipi.

Flashi za jero, mwisho kabisa. Ukishabebeshwa, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza herufi A, iliyovutwa inaweza kunyooka, iliyokatwa hairudi.

Na bei jamani. Ukiagiza diski Uingereza unalipa diski, unalipa nauli, kuna VAT asilimia 18, halafu wakala naye anataka chake, mzigo unafika Tanga umeshazidi bei ya diski yenyewe. Mi nawasubiri ndugu wanaorudi likizo, nawatumia picha ya boksi kabisa wasinunue toleo jingine. Lakini muuzaji wa hapa anayekata muvi makusudi kwa sababu wateja hawapendi mistari myeusi, huyo simwelewi, si amwambie mteja tu kwamba picha ndivyo ilivyo? Dakika moja ya kueleza haimpunguzii chochote. Mkinunua kwake mwambieni aweke ile yenye mistari, na akisema hana, hela mnayo mkononi, ondokeni nayo.