Rimu na matairi ya gari la spoti: nianze na ipi, niache ipi

Ukiwa na bajeti ya rimu na matairi anza kuitenga ya matairi kwanza, kinachobaki ndo cha rimu. Wengi tunafanya kinyume, unaona rimu za inchi 19 zimelikaa gari la mtu vizuri, hela yote inaishia hapo alafu unafunga tairi la bei ya chini kabisa, na ile kona uliyokuwa unaipita umetulia sasa gari linaanza kukutoka. Kinachogusa barabara ni mpira tu, sehemu kama kiganja cha mkono kwa kila tairi, hamna kingine. Rimu kazi yake ibebe huo mpira, isiwe nzito na isipasuke.

Kwangu namba moja ni rimu nyepesi ya saizi ileile au inchi moja juu, na matairi ya spoti ya daraja la juu. Rimu hizi zinamiminwa kwenye kalibu kama za kawaida, ila ule mduara wa nje unapashwa moto na kuvutwa kwa rola, kwahiyo unakuwa mwembamba na bado una nguvu, Enkei RPF1 ni mfano mzuri. Matairi angalia Michelin Pilot Sport 4S, Continental SportContact 7 au Bridgestone Potenza Sport, hizi zinashika hata barabara ikiwa imelowa na bado unaendea kazini kila siku. Ila kama unaishi kwenye baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unakakamaa, hapo tafuta ya msimu wa baridi.

Kwanini inchi moja tu? Chukua gari linalotumia 225/45R17 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), ubavu wa tairi ni milimita 101 hivi. Ukienda 225/40R18 unabaki na 90, kipenyo chote kinatoka 634 kwenda 637 kwahiyo spidomita haisumbuki. Ukienda 225/35R19 ubavu unabaki 79 tu, yani umepoteza zaidi ya sentimita 2 za mto uliokuwa unailinda rimu na mashimo, na mara nyingi umeongeza uzito juu yake. Uzito wa rimu haubebwi na springi, shokapu ndo inahangaika nao kila tuta, alafu injini inauzungusha na breki inausimamisha, kwahiyo hata kilo 2 kwa kila rimu unazisikia kwenye usukani.

Namba mbili, baki na rimu orijino ununue matairi mazuri. Sio uamuzi wa kinyonge hata kidogo, kama bajeti imebana ningeanza hapa bila kufikiria mara mbili.

Namba tatu ni rimu za kufuliwa, zile alumini inagandamizwa kwa mashine yenye nguvu sana badala ya kumiminwa. Ndo bora kuliko zote kwa uimara na wepesi, Volk Racing TE37 iliyotoka 1996 jina lake limetokana na kilo 3.7 za rimu ya inchi 15. Nimeziweka ya tatu kwasababu ya bei tu, hela hiyo inanunua matairi zaidi ya seti moja.

Namba nne, matairi ya nusu mashindano kama Yokohama Advan A052. Kavu yanashika ajabu lakini yanaisha haraka na yakikuta maji yaliyotuama ni hatari, kwahiyo yawe na rimu zake za pembeni kwa siku za kwenda traki, yani uwanja wa mbio.

Ya mwisho kabisa, rimu za kuiga zisizo na alama ya kupimwa kama JWL, ile ya kiwango cha Japani. Nilishawahi kufunga, zilifanana na za ukweli mpaka nati, baada ya shimo moja ambalo rimu orijino ingelipita ikapata ufa kwa ndani, upepo ukawa unatoka kidogo kidogo na nilijua nikiwa kwenye spidi kubwa na familia ndani. Hilo siwezi kumshauri mtu yeyote. Na matairi yaliyolala stoo vilevile, soma namba 4 za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, hata kashata (yale meno ya tairi) ziwe nzima mpira wa zamani umeshakauka.

Sasa vipimo, hapa ndo watu wanapoteza hela. PCD, yani idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake kwa milimita, lazima ilingane kabisa, Subaru Impreza WRX nyingi za zamani ni 5x100 wakati STI, toleo lake la nguvu zaidi, kuanzia 2005 ni 5x114.3, kwahiyo usiamini neno "inaingia Subaru". 5x112 kwenye 5x114.3 nati zinaweza kukamata lakini rimu haijakaa katikati, usijaribu. Ofseti, yani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye haabu, ikitoka 45 kwenda 35 rimu inasogea nje milimita 10, angalia madigadi. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko haabu weka pete zake la sivyo usukani utatetemeka. Namba ya uzito ya tairi, ile inayofuata saizi ubavuni, isishuke chini ya ya kiwandani, 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Gari la 4WD funga yote manne yanayofanana, kashata zikipishana sana unaumiza difu.

Kabla tairi halijavalishwa mwambie fundi afunge rimu tupu mbele, aizungushe kwa mkono huku ukiangalia kama inagusa kalipa ya breki. Ikishavalishwa tairi wauzaji wengi hawaipokei tena. Na nati zikazwe upya kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hivi, rimu mpya zinakaa vizuri zikishatembea kidogo.