Bima ya nyumba ya mafuriko Kisauni: nimelipa miaka miwili, haya ndo niliyoyaona

Nyumba yetu iko Kisauni, Mombasa, bondeni, maji ya barabarani yote yanateremkia kwetu. Mvua za El Niño za 2023, mwezi wa kumi na moja, yaliingia ndani mpaka magotini na siku hiyo kulikua na bamvua, na sisi wa hapa twajua bahari ikijaa hivyo mitaro haimwagi, inarudisha. Friji, magodoro, makochi, vyote vilikwenda. Hatukua na bima hata ya shilingi.

Februari 2024 nikachukua ile wanaita domestiki pakeji, yaani bima ya nyumba na vitu vya ndani kwa pamoja. Kampuni siitaji, mambo yenyewe nadhani yatawafaa hata mkienda kwingine. Jengo nililiandikisha 4,000,000 kwa 0.2%, ikawa 8,000 kwa mwaka, vitu vya ndani 500,000 kwa 1%, ikawa 5,000. Tozo za serikali na stempu hazikufika mia moja. Yaani 13,100 hivi kwa mwaka mzima, mimi nilidhani bima ya nyumba ni ya matajiri wa Nyali, kumbe ni kama elfu moja na mia kwa mwezi. Na mafuriko yamo humo humo, si kama Marekani ambako bima ya nyumba ya kawaida haigusi mafuriko, mtu anakata nyingine kando, na ile ya serikali yao mara nyingi inasubiri siku 30 ndo ianze kufanya kazi. Hapa mpangaji pia anaweza kukata ya vitu vyake tu, nyumba amuachie mwenyewe.

Mwaka uliofuata masika yakaja na maji yakaingia tena, mwezi wa tano, huku pwani ndo mwezi wa mvua yenyewe. Ya vitu vya ndani sikudai kwa sababu tuliwahi kuvipandisha juu, lakini milango ilifura, kabati za jikoni ziliharibika na waya za chini zote zikatolewa. Nilipiga picha kabla ya kufagia hata tope, fundi akaniandikia 200,000, ajenti nikampigia siku hiyo hiyo. Yule kijana namshukuru kwa dhati, alikuja mwenyewe na mvua inanyesha, akaniambia "mama usitupe kitu mpaka asesa aone", yaani yule mtu wa kukagua na kupima hasara, na ni kweli, jirani yangu alitupa kabati zake na akahangaika sana kuthibitisha.

Asesa akaja, akapima, akasema nyumba hii kuijenga leo ni 5,000,000 na wewe umeandikisha 4,000,000, kwa hiyo umekata bima ya asilimia 80 tu na hasara tutakulipa asilimia 80. 200,000 ikawa 160,000. Halafu kuna kile kiasi mwenye nyumba anabeba mwenyewe, kwangu ni 10%, ikatoka 16,000. Nikapokea 144,000 baada ya wiki saba. Ukuta wa uani ulioanguka sikulipwa kitu, manake haukuandikwa kwenye karatasi. Na chumba cha nyuma ambacho maji yalipanda kutoka chini ya sakafu bila kupitia mlangoni, wakasema hayo si mafuriko, ni unyevu wa ardhi. Hapo niliumia sana, kwa sababu huku kwetu ukichimba kidogo tu washafika majini na wao wanajua.

Hilo la asilimia hakuna aliyenieleza wakati nalipa. Nilitaja 4,000,000 kwa kukumbuka tulivyotumia kujenga zamani, na saruji na nondo za sahi si bei ya zamani. Ndugu zangu wenye nyumba, msitaje bei mliyojengea wala bei ya kuuzia maana ile ina kiwanja ndani na kiwanja hakichukuliwi na maji, muulizeni fundi kuisimamisha upya leo ni ngapi, ndo mwandike hiyo. Kuongeza ile 1,000,000 ingenigharimu 2,000 tu kwa mwaka na ningepata 36,000 zaidi.

Wengine wananiambia bora pesa hizo nichimbe mtaro. Nimechimba, na kuinua kizingiti cha mlango, 85,000, hiyo ni bima ya miaka sita na zaidi. Na nafurahi nimefanya, mvua ndogo ndogo sahi hazinisumbui hata kidogo. Lakini mtaro wangu unamwaga kwa mtaro wa barabara, na ule ukijaa takataka mimi sina la kufanya, kwa hivyo bima siachi. Mtu alie juu kule ambako maji hayajawahi kumfikia hata El Niño ya 1997, huyo akikata ya moto na wizi na mafuriko yakaja humo humo, sawa, lakini asikopee.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Februari nalipia tena, jengo napandisha 5,000,000, na ukuta nataka uandikwe kwa jina lake na thamani yake nikiwa nimekaa pale pale ofisini. Wakikataa kuuandika, karatasi zangu nabeba naenda kwa kampuni nyingine, na yule kijana ajenti nitamwambia mapema asije akasikia kwa watu.