Kaktasi ya Krismasi ya vitalu vya barabarani, Tanga mjini

Miche ni mizima, vipingili (vipande bapa vya shina) vimeshikana vizuri. Kasoro ni udongo: mfinyanzi mtupu, na chungu hakina tundu. Kwao, milimani Brazili, mmea huu huota juu ya miti, ambako maji hayatuami. Mizizi ikituamiwa na maji huoza, vipingili hulegea kama vyenye kiu, na mtu huzidi kumwagilia! Uhamishie kwenye mboji sehemu 2, mchanga wa mto 1 (wa baharini una chumvi) na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukatwakatwa 1. Mwagilia sentimita 2 za juu zikikauka.

Ahadi ya wauzaji kwamba utapata maua Desemba, kwa joto la Tanga, ni nzito kutimia. Matumba hutaka ubaridi na giza la saa 13 kila usiku, wiki 6 hivi. Lushoto, kwenye baridi ya milimani, yatafunguka kwa urahisi zaidi.