Nguzo ya usumba kwa mani planti: uzoefu wangu hapa Tanga

Nguzo hii ya kupandishia mani planti, ule mmea wa kukwea wenye majani ya kijani na mabaka ya njano, niliinunua kwenye kitalu cha maua cha kando ya barabara, Chumbageni, kwa shilingi 12,000. Ni bua kavu la mkonge linalonifika kifuani, limezungushiwa usumba wa makumbi ya nazi na kufungwa kwa kamba ya katani. Vyote vya hapahapa kwetu. Kwa wenye mani planti nawaambia mapema: inunueni. Kasoro yake ipo, nitaisema.

Nyumba nyingi hapa mjini huuning'iniza mmea huu barazani, au huuweka juu ya kabati ukashuka mpaka sakafuni. Unapendeza, sikatai. Lakini kadiri unavyoshuka ndivyo majani yanavyozidi kuwa madogo, na mwisho unabaki na kamba ndefu yenye majani machache nchani. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Kifaransa, na huko msituni hukwea miti kwa mizizi midogo inayochipuka kwenye mafundo ya shina. Ukipata pa kushika, majani hupanuka. Kuna ua mmoja Raskazone ambako umekwea mwembe, na majani ya juu ni mapana kama ungo. Wapita njia hudhani ni mmea mwingine kabisa. Wangu ndani ya nyumba hautafika huko, ila majani yanayotoka tangu uanze kushika nguzo ni makubwa kuliko kiganja changu, na ya zamani hayakufika nusu yake.

Sasa jambo la chumvi, ambalo watu wa pwani tulizingatie sana. Makumbi mengi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa ili yalainike kabla ya kupondwa, kwa hiyo usumba huja na chumvi ya bahari. Chumvi hiyo ikishuka kwenye udongo, kingo za majani huungua na kuwa kahawia. Mama aliyeniuzia hakunificha: "Mwanangu, iloweke kwanza kwenye maji baridi, uyamwage, uloweke tena. Ukionja maji ukasikia chumvi, bado." Nilifuata neno lake, na hakuna jani lililoungua. Ushauri kama huo wa bure una thamani kuliko punguzo la bei. Maji ya kisima chenye chumvi nayo yaepukeni. Ya mvua ndiyo bora.

Kufunga ni kazi nyepesi. Geuza fundo lielekee nguzo, fungia shina kwa uzi laini bila kulikaza, na usifunge kikonyo cha jani. Kisha mimina maji juu ya nguzo yashuke polepole, kwa kuwa mizizi haishiki usumba mkavu. Kaskazi likivuma usumba hukauka upesi, basi mwagia mara kwa mara. Udongo wa chunguni wenyewe uache ukauke juu kabla ya kuunywesha tena. Weka karibu na dirisha lenye mwanga mzuri, jua kali lisipige moja kwa moja. Gizani mmea haufi, ila mabaka ya njano hufifia.

Kasoro ni ile sehemu ya chini inayozama udongoni. Bua la mkonge ni jepesi na ndani ni laini, hunyonya maji na kuoza. Langu limeanza kulegea, na mmea ukishaing'ang'ania nguzo, kuibadilisha ni kuchana mizizi. Ombeni mtengenezewe juu ya bomba la plastiki au mti wa mwarobaini, hata kwa kuongeza hela kidogo. Chungu nacho kiwe kizito, kwani nguzo iliyolowa huelemea upande.

Wenye watoto wadogo, paka au mbuzi wanaoingia barazani, jihadharini: majani yakitafunwa huwasha mdomo na koo, na utomvu huwasha ngozi. Na vipande mnavyopunguza msivitupe vichakani. Kila kipande chenye fundo huota, na huko Hawaii na Sri Lanka mmea huu umeshavamia misitu. Sisi tuna misitu ya Usambara hapo juu. Vitieni kwenye chupa ya maji vitoe mizizi, mgawie majirani.

Nguzo ya pili nimeshaagiza, ndefu zaidi, juu ya mwarobaini. Mama wa kitalu amekubali kuitengeneza kwa shilingi 15,000.