Raba za wenye sukari: nimezivaa miezi minane hapa Lamu

Sukari ninayo mwaka wa 11 sasa. Miguu ndiyo iliyoshikwa kwanza: ganzi kwenye nyayo, kama mtu anayekanyaga sufi. Mwaka jana nilitoka Langoni na kandambili kwenda gatini, kumbe kijiwe kimejipenyeza chini ya kidole gumba. Sikuhisi kitu. Binti yangu ndiye aliyeona damu sakafuni. Kidonda kilikaa miezi mitatu, nami nikakaa nacho ndani, sukari ikipanda tu.

Kilipofunga, muuguzi wa kliniki alinitaka nirudi kutembea, dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, ila kandambili na makubadhi niyaache kabisa. Ndipo nikaagiza raba hizi Mombasa, shilingi 5,200.

Mbele ni pana, vidole havibanani. Ndani hakuna mshono wa kukwaruza, na hili kwa mguu wenye ganzi ni kubwa kuliko urembo wote. Zinafungwa kwa velkro, kwa hivyo mguu ukivimba nalegeza kidogo njiani na kuendelea. Kila nikitaka kuzivaa naingiza mkono ndani kwanza; mara mbili nimekuta kokoto. Soksi navaa nyeupe za pamba, damu ikitoka nione.

Sasa baada ya sala ya Alfajiri naondoka na jirani yangu kuelekea Shela, kilomita 3 hivi kwa njia ya pwani. Kurudi tunapanda boti, jua likiwa limeshachomoza. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 10 na kitu (kwa kipimo cha mmol/L), siku hizi inacheza kwenye 7. Dawa sikubadilisha.

Kasoro zipo. Mchanga wa Shela unaingia kwa juu, lazima ukung'ute. Na siku za bamvua maji yakijaa hufika ukutani. Nililazimisha kupita nikazilowesha kwa maji ya chumvi, na mwezi wa tano wa kuzivaa soli ya kulia ikabanduka. Fundi viatu aliishona kwa mkono na imeshika hadi leo, lakini kwa bei ile gundi ilifaa iwe imara zaidi.

La saizi lilinigharimu. Nilijipima asubuhi nikaagiza 39, zikaja zikabana, na muuzaji akakataa kubadilisha. Nilimpa dada yangu, nikanunua 40. Jamani, pimeni miguu alasiri, ikishavimba kidogo, na muache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Mwenye kidonda kibichi asianze na raba wala matembezi, aonyeshe mguu kliniki kwanza.

Jozi nyingine nimeshaagiza, 40 tena, rangi ya kahawia. Hizi kuukuu nitazibakisha kwa siku za bamvua.