Gir: wakala alitaka nipite getini kama Msidi

Ni karibu miaka miwili sasa na bado nikikumbuka damu inachemka. Mama alikuwa anatibiwa Ahmedabad, India. Daktari alipompa siku chache za kupumzika, yeye mwenyewe akanihimiza: "Nenda mwanangu ukawaone hao simba wa Kihindi, usikae hapa unanitazama mimi." Nikatafuta wakala wa safari.

Nililipa bei ya mgeni. Naomba hili lieleweke. Kibali cha mgeni kuingia Gir, msitu wa simba hao katika jimbo la Gujarat, ni ghali kuliko cha raia wa India, na sikunung'unika, maana hata kwetu Mikumi ndivyo ilivyo. Nilimtumia wakala picha ya pasipoti, nikamtumia na hela, nikasafiri usiku kucha hadi Sasan, kijiji cha penye geti la msitu.

Alfajiri, baridi inauma masikio, magari ya wazi yamepanga foleni getini. Karani akatazama kibali, akatazama pasipoti yangu ya Tanzania, akarudi kwenye kibali. Kimeandikwa raia wa India. Namba ya kitambulisho ni ya mtu nisiyemjua. Gari likaingia na wenzangu, mimi nikashushwa na begi langu vumbini.

Nikampigia wakala. Wala hakuomba radhi. "Medamu, pasipoti umeitoa ya nini? Ungenyamaza tu. Wangekuona Msidi wa hapo Jambur."

Asiyewajua Wasidi: ni watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao wamekaa India kwa karne nyingi, na wengine wanaishi vijiji vya hapo hapo Gir. Wanazungumza Kigujarati na ni raia kama raia wengine. Huyu bwana alinitoza bei ya mgeni, akakata kibali cha mwenyeji, na kilichobaki akatia mfukoni, akitegemea sura za watu wale zifiche wizi wake. Ametutukana wote kwa pamoja, mimi na wao.

Karani sina neno naye, alifanya kazi yake. Ndiye aliyenielekeza Devalia, eneo lililozungushiwa uzio, ambako unakata tiketi palepale na kupanda basi. Simba niliwaona, majike mawili yamelala kivulini, na baadaye dume. Ni kweli wanavyosema, ngozi ya tumbo inaning'inia, na manyoya ya dume ni machache hadi masikio yanaonekana. Zaidi ya miaka mia iliyopita walikaribia kwisha kabisa, Nawabu wa Junagadh, mtawala wa eneo hilo, akazuia wasiwindwe. Hesabu ya 2025 ikapata 891. Nje ya Gir na maeneo ya jirani, hakuna pengine duniani simba wa aina hii wanapoishi porini. Nami nikawatazama nyuma ya uzio, tena moyo umejaa nyongo, basi likageuza tukaondoka. Msitu wenyewe, ile misaji iliyopukutika majani, niliishia kuuona kwa nje.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu msiende. Kwa hasira nikamwambia dereva wa bajaji anipeleke huko Jambur, nikawaone hao niliotakiwa kujifanya mmoja wao. Jamani. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono, akaugeuza kiganja, akacheka, akanivuta uani kwake. Chai ikaletwa. Vijana wakatoa ngoma. Hiyo ngoma yao wanaiita goma, na moja ya zile ngoma wanaiita musindo. Mimi mtu wa Tanga nimekua nasikia msondo ukipigwa! Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu nisioweza hata kuwasalimia kwa lugha yao.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Kwa mlango niliopitia, ilikuwa safari mbaya kuliko zote nilizowahi kulipia. Lakini kesho nikipata nauli narudi. Nendeni, ila kibali kateni wenyewe mtandaoni mapema, jina na namba ya pasipoti viwe vyenu, na msiende kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba, kwa sababu ya mvua msitu hufungwa. Hela yangu hadi leo haijarudi hata rupia moja.

Niliporudi Ahmedabad mama akauliza, "Simba umewaona?" Nikamwambia nimewaona watatu. Nikamsimulia habari za goma mpaka akasinzia. Maneno ya yule wakala sikumwambia.